Somo: Skrini ya gari la umeme ikizima, anza na betri ndogo

Habari za jioni wanakikundi. Wiki hii nimepigiwa simu tatu kuhusu Nissan Leaf za kutoka Japani, na kilio ni kilekile: skrini nyeusi, au inawaka na kuzima, au ramani haijui gari liko wapi. Kabla hujaenda soko la vipuri la Kisekka, Kampala, kutafuta skrini ya mtumba, soma kwanza.

Mwalimu mmoja wa Ntinda aliambiwa na karakana fulani anunue skrini nzima, akanunua. Ikafungwa, ikazima vilevile, wakamrudishia ile ya zamani. Alipokuja kwangu nilifungua boneti nikaweka mita kwenye betri ndogo: volti 11.7. Vichwa vyake vilikuwa na unga wa kijani kama mkate uliosahaulika kabatini. Tukasugua kwa msasa, tukafunga betri nyingine, skrini ikamsalimia kwa Kijapani. Ile aliyonunua bado iko kiti cha nyuma, na plastiki yake.

Hatua ya 1: Washa upya. Kwenye magari mengi ni kushikilia kitufe cha kuwashia redio sekunde 10 mpaka 20. Tesla haina kitufe hicho: shikilia vigurudumu viwili vya usukani kwa pamoja mpaka skrini iwe nyeusi na nembo itokee. Fanya hivyo ukiwa umeegesha. Model 3 inaonyesha mwendo kwenye skrini hiyohiyo ya katikati, hutaki ikuzimikie katikati ya barabara kuu ya Northern Bypass.

Hatua ya 2: Pima betri ndogo. Hapa ndipo nataka mkae. Gari la umeme lina betri mbili. Ile kubwa inasukuma gari. Ile ndogo, kwa kawaida ya volti 12, sawa na ya Toyota Premio ya petroli ya jirani yako, ndiyo inayowasha kompyuta, skrini, taa na kufuli za milango. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri ndogo iliyojaa inasoma 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 usiendelee kuilaumu skrini. Kisha washa gari mpaka liwe tayari kuondoka, upime tena: namba ipande hadi 13 au 14 na kitu. Isipopanda, betri ndogo haichajiwi kutoka ile kubwa, na hapo tafuta fundi anayeyajua magari haya. Usiguse waya wa rangi ya chungwa. Huo una mamia ya volti na hauna utani.

Hatua ya 3: Toa ncha hasi ya betri ndogo. Zima gari, subiri dakika kama kumi kompyuta zilale, kisha legeza kwa spana namba 10. Acha robo saa, rudisha. Ila kwanza hakikisha kadi ya ramani iko mahali pake. Redio nyingi za Kijapani, hasa za Toyota, zikikosa umeme hujifunga na kudai namba ya siri. Ukikosa kadi na namba, umejitafutia safari nyingine.

Hatua ya 4: Kioo kinachojibonyeza. Ukiona skrini inabadilisha redio yenyewe mchana wa jua kali, na jioni imetulia, tatizo ni kioo cha juu cha kugusa. Hicho mara nyingi hubadilishwa peke yake bila kununua skrini nzima. Kifute kwanza kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Vumbi letu la murram na jasho la vidole vinatosha kukichanganya.

Hatua ya 5: Ramani. Kujua ulipo ni kazi ya setalaiti, na haihitaji data hata kidogo. Kuchora barabara ni kazi ya ramani iliyo kwenye kadi. Kadi ya Japani inaijua Osaka, Wandegeya haiijui. Usilipe mtu akurekebishie setalaiti wakati shida ni kadi.

MASWALI

*Kutoka Arua: Fundi, betri kubwa ina asilimia 70 lakini gari haliwaki kabisa, hata mlango nimefungua kwa ufunguo wa chuma.*

Pole kaka. Hiyo ni betri ndogo imekufa. Bila hiyo, swichi zinazounganisha betri kubwa na gari haziwaki, kwa hiyo asilimia 70 zimekaa bure. Unaweza kuazima umeme wa betri ya gari lingine ili liamke. Ila usitumie Leaf kuamsha gari la mwenzio.

*Kutoka Jinja: Mshale wa ramani unarukaruka tangu nifunge kamera ya kioo cha mbele.*

Dada, chomoa hiyo kamera uendeshe siku moja. Kamera na chaja za bei rahisi hutoa kelele zinazofunika mawimbi ya setalaiti. Yanatoka kilomita 20,000 juu, yanafika yakiwa dhaifu mno. Mshale ukitulia, isogeze mbali na antena. Tinti yenye chuma ndani nayo hufanya hivyo.

*Kutoka Bombo: Tesla nazo huharibika skrini? Mimi nilidhani ni shida ya mitumba yetu tu.*

Mzee, mwaka 2021 Tesla iliita magari kama 135,000 ya Model S na Model X huko Marekani yarudi kurekebishwa. Kumbukumbu ya gigabaiti 8 nyuma ya skrini ilikuwa ikichakaa kwa kuandikwa kila siku, mwisho skrini inazima pamoja na kamera ya nyuma. Huko hata betri mpya isingesaidia.

*Kutoka Jinja tena: Nimechomoa. Mshale umetulia. Sasa mbona redio ya CBS naipata na ya Capital siipati?*

Redio nyingi za magari ya Japani, hasa ya zamani, huishia FM 90. CBS iko 88.8, Capital 91.3. Nunua bendi ekspanda, kile kifaa cha kushusha masafa mpaka redio yako iyashike, dada, hilo si la skrini.