Kutafuta Utulivu wa Kristo Katikati ya Kelele za Mwalo

Anayefanya kazi katika mwalo, yaani ufuko wa kupokelea samaki, wa Kibirizi, mjini Kigoma, anajua kwamba siku huanza kwa kelele: mitumbwi ya dagaa inafika alfajiri, wachuuzi wanavutana juu ya bei, na wateja wa mbali wanapiga simu kuulizia magunia yao. Ukingoja kelele hizo zitulie ndipo uitafute amani, utangoja hadi uzeeke.

Kwa hiyo anza kabla mitumbwi haijafika. Marko 1:35 inaeleza kwamba Yesu alitoka mapema sana, kungali giza, akaenda kuomba mahali pasipo watu, ingawa jioni iliyotangulia mji wote ulikuwa umekusanyika mlangoni. Dakika 15 zinatosha. Usishike simu, soma fungu fupi la Injili, kisha mtajie Mungu kwa jina lile jambo moja linalokutisha siku hiyo, liwe deni, mzigo ulioharibika kwa mvua au mwajiri mkali. Sala ya jumla ya kuomba baraka ni nyepesi kutamka, nami niliizoea kwa muda mrefu, lakini hofu yenyewe ilibaki pale pale. Paulo, alipowahimiza Wafilipi wampelekee Mungu kila haja pamoja na shukrani, alikuwa kifungoni.

Wakati wa shinikizo lenyewe, kumbuka shetri, yaani sehemu ya nyuma ya chombo. Katika Marko 4 Yesu alilala humo juu ya mto wa kulalia huku mawimbi yakikijaza chombo, na aliyeliona Ziwa Tanganyika likichafuka kwa upepo wa kusi hawezi kuichukulia habari hiyo kama hadithi ya watoto. Wanafunzi walimwamsha kwa lawama, naye hakuwafukuza. Basi nawe unaruhusiwa kulalamika mbele zake. Kabla ya kumjibu mteja aliyefoka, nyamaza, vuta pumzi, useme moyoni, "Bwana, umo chomboni humu," ndipo ujibu. Hata hivyo, sala haichukui nafasi ya daftari: kama umekosea hesabu, rudisha fedha, na kama kazi imekuzidi, mweleze mkubwa wako waziwazi na kwa heshima.

Jioni, andika ya kesho kwenye karatasi na kuiacha kazini, kwa kuwa Mathayo 6:34 inaipa kila siku taabu yake yenyewe.

Liko pia pumziko ambalo mwalo wenyewe unatupatia. Mbalamwezi inapokuwa kali, taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, hivyo wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Yesu aliwaita wanafunzi kando wapumzike walipokosa hata nafasi ya kula. Chagua siku moja ya mbalamwezi kwa ajili hiyo, umwarifu mwenzako wa mizani mapema, na usikubali kubebeshwa hesabu za mtu mwingine.