SOMO: Kuchambua namba kubwa kwa mkono (mfano 749,016)

Swali la "nitafutieni vigawo vya namba hii" linarudi kila wiki. Naandika mara moja, wengine nitawaelekeza hapa.

1. Toa 2 zote: 374,508, kisha 187,254, kisha 93,627. Hiyo ni witiri, acha.

2. Toa 3 zote. Gawa mara mbili, inabaki 10,403. Jumla ya tarakimu zake ni 8, basi 3 imekwisha.

3. HAPA NDIPO WENGI WANAANGUKA. 10,403 haigawanyiki kwa 5, 7, 11 wala namba tasa yoyote hadi 97. Mtu akifika hapo anachoka, anaandika "10,403 ni tasa", na majibu yote yanayofuata yanaharibika. Kikomo cha kujaribu ni kipeuo cha pili cha namba iliyobaki. 101 × 101 ni 10,201, bado haijapita 10,403, kwa hiyo 101 lazima ijaribiwe. Nayo inaingia: 101 × 103. Onyo jingine: usichukue kipeuo cha 749,016 yenyewe, utahangaika hadi 865 bure. Kila ukitoa kigawo, kikomo kinashuka.

4. Andika 2³ × 3² × 101 × 103. Zidisha upya kuhakiki.

5. Idadi ya vigawo: ongeza 1 kwenye kila kipeo, zidisha. 4 × 3 × 2 × 2 = 48.

6. Jumla ya vigawo: (1+2+4+8) × (1+3+9) × (1+101) × (1+103) = 2,068,560.

MASWALI

Kessy_88: Mkuu mbona mimi napata vigawo 24?

Mwandishi: Umeiacha 10,403 kama tasa. Hatua ya 3.

Kessy_88: Nimeisoma lakini.

Mwandishi: Basi gawa 10,403 kwa 101, ulete baki.

Witiri: Kwa nini tunaongeza 1 kwenye kipeo?

Mwandishi: Swali zuri. Kila kigawo unakijenga kwa kuchagua. Kwa 2³ unaweza kuchukua 2 mara 0, 1, 2 au 3, yaani njia nne. Ile "mara 0" ndiyo 1 ya ziada. Kwa 3² njia ni tatu, kwa 101 mbili, kwa 103 mbili.

mama_hesabu: Nyongeza kwa hatua ya 3: 10,403 ni 102² − 1, yaani (102 − 1)(102 + 1). Vigawo vikikaribiana, tafuta tofauti ya vipeo viwili vya pili kabla ya kugawa-gawa.

Mwandishi: Asante dada, hiyo ni njia ya Fermat, mwanahisabati wa zamani. Vikiachana sana inachosha. 4,294,967,297, ambayo Fermat mwenyewe aliidhani tasa, ni 641 × 6,700,417. Mwanahisabati Euler aliivunja mwaka 1732.

Witiri: Na nikitaka 749,016 iwe kipeo cha pili kamili?

Mwandishi: Vipeo vyote viwe shufwa. Vyenye witiri ni vya 2, 101 na 103, kwa hiyo zidisha kwa 2 × 101 × 103 = 20,806. Hakuna namba ndogo kuliko hiyo itakayofaa.