SOMO: Kuhamisha taa, soketi na sensa kwenda Home Assistant bila nyumba kulala giza

Wakuu habari za jioni, wengi mmeniuliza hili so naliandika mara moja. Home Assistant ni programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani kwenye kompyuta yako mwenyewe hapo hapo ndani. Mi niko Nzuguni hapa Dodoma, nina balbu tisa, soketi nne, sensa za milango na pampu ya kupandisha maji tanki la juu. Habu yangu ya zamani (kile kiboksi kinachounganisha vifaa vyote) kila kitu lazima ikaulize seva za huko nje, bando likiisha simu haiwashi hata taa ya choo, mama watoto akaniambia umeme tunanunua na taa nayo inataka vocha? Nikaona basi.

Kwanza kabisa usichomoe kitu. Chukua daftari andika kila kifaa, jina lake, na ratiba zake zote, maana ratiba hazihami, unaziandika upya. Mi niliona ni ushamba nikaruka hiyo hatua, usiku ule pampu ikawaka kama kawaida ila ile amri ya kuizima tanki likijaa nilikuwa nimesahau kuiandika upya, asubuhi uani ni tope na mchicha wa jirani umestawi, na mnajua Dodoma maji sio ya kumwaga.

Halafu tafuta Raspberry Pi 4 (kikompyuta kidogo), weka mfumo wa Home Assistant kwenye diski ya SSD, memori kadi achana nayo, umeme ukikatika katika hazichukui muda zinakufa. Iunge na rauta kwa waya, subiri kama dakika ishirini, kisha kwenye laptopu fungua homeassistant.local:8123. Pi na rauta zote ziwe kwenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika).

Kile kidude cha USB cha Zigbee (mawasiliano ya redio yanayotumiwa na taa na sensa) usikichomeke moja kwa moja kwenye Pi!! USB 3, zile tundu za bluu, zinatoa kelele kwenye 2.4 GHz humo humo Zigbee inapopita. Tumia waya wa ekstensheni wa mita moja, na uchomeke tundu nyeusi. Chaneli chagua mapema, Wi-Fi ikiwa 1 weka Zigbee 20 au 25, ukija kubadili baadaye kuna vifaa utaviunganisha upya.

Sasa kuhama kwenyewe. Kifaa kimoja kinakaa habu moja tu, so unakifuta kule, unakiriseti, unakiunga huku. Anza na vinavyokula umeme wa ukutani, vya karibu na Pi kwanza halafu unasogea, kwa sababu hivyo ndo vinapokezana mawasiliano. Sensa za betri mwisho, zenyewe hazimbebi mtu. Mi nilianza na sensa ya geti, ikawa inapotea kila baada ya nusu saa, nikailaumu betri bure.

MASWALI

Kaka balbu zangu hazina kitufe cha kuriseti, nafanyaje?
– Nyingi unawasha na kuzima swichi ya ukutani haraka haraka mara tano au sita mpaka ikonyeze. Idadi inategemea kampuni, soma boksi.

Mkuu niko Dar wiki nzima kikazi, nitaweza kuzima taa za Dodoma?
– Ndio, weka Tailscale (programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri kupitia intaneti) kwenye Pi na kwenye simu. Usifungue mlango wa mtandao (port) kwenye rauta, utakaribisha wageni. Ila hapo nyumbani intaneti iwepo, ikikatika ratiba zinaendelea, wewe ndo huoni.

Pampu yangu ni ya farasi moja, soketi janja ya 10A inatosha?
– Ikishawaka inakula kama 5A au 6A, kwahiyo kwa hesabu inatosha. Shida ni pale inapoanza kuzunguka, inavuta mara kadhaa ya hiyo. Soketi yangu viungo vya ndani viligandana, nabonyeza zima, programu inasema imezima, pampu inanguruma. Mwambie fundi aweke kontakta (swichi nzito ya umeme), soketi iwashe kontakta tu.

Fundi, habu ya zamani niuze?
– Iache wiki mbili kwanza dada. Mi bado iko kabatini, kuna sensa moja ya dirishani imegoma kuhama.