Somo: Njia ya mzee kutoka kitandani hadi chooni

Mama yangu alianguka saa tisa usiku akirudi kutoka choo cha uani. Aliteleza pale mlangoni, palipomwagika maji ya ndoo, na malapa yake yalikuwa yameshalika soli. Nyonga ikavunjika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wengi ni wa miaka zaidi ya 60.

Hatua ya 1. Usiku, zima taa zote, lala kwenye kitanda cha mzee, kisha amka uende chooni kama aendavyo yeye. Kila mkono unapopapasa pa kushika, weka alama kwa chaki. Usiruke hatua hii. Mchana huoni kitu.

Hatua ya 2. Akikaa ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili ziguse chini. Anapoamka akae kitako dakika moja au mbili kwanza, hasa kama anatumia dawa za presha, maana presha huweza kushuka ghafla mtu akisimama. Tochi ilale karibu na mto.

Hatua ya 3. Ondoa mikeka iliyojikunja ncha na nyaya zinazokatiza njia. Kizingiti kipake rangi nyeupe. Malapa yaliyokwisha yatupwe, hata akilalamika. Mnunulie viatu vya soli ya mpira vinavyoshika kisigino.

Hatua ya 4. Chooni ndiko kwenye kazi. Mwambie fundi achimbie ukutani kwa saruji bomba la chuma la unene wa sentimita 3 hadi 4, linaloenea vizuri kiganjani. Kimo chake: mzee asimame, mikono ining'inie, ufuate kifundo cha mkono. Kwa choo cha kuchuchumaa ongeza bomba la wima upande wa mkono wenye nguvu. Saruji ikikauka, ning'inia wewe kwanza kwa uzito wako wote. Ndoo ya maji ikae juu ya kigoda ili asiiname, na mlango ufungukie nje, kwani akianguka ndani mwili wake utauzuia.

MASWALI

Swali: Nimepanga, na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Nifanyeje?
Jibu: Fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya miguu minne yenye vishikio, isimame juu ya choo. Kila mguu uvishwe mpira. Ukihama unaondoka nayo.

Swali: Shikamoo. Babu hushika mkongojo upande wa mguu unaomuuma. Ni sawa?
Jibu: Marahaba. Hapana, aushike kwa mkono wa upande wa mguu mzima, na mkongojo uende mbele pamoja na mguu mbovu. Mpira wa chini ukilika, badilisheni.

Swali: Bibi kaanguka jana. Mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje. Jirani anataka kumkanda.
Jibu: Pole sana, dada. Msimkande, msiuvute, wala msimsimamishe. Hizo ni dalili za nyonga iliyovunjika. Wekeni mto katikati ya miguu, mbebeni akiwa amelala juu ya godoro, mumpeleke hospitali apigwe picha. Ondokeni sasa hivi, nami nasubiri kusikia mmefika.