Somo: Safari ya mbugani kutoka Mombasa, uanze kupanga lini?

Mwaka juzi nilipokea wageni wa familia kutoka Muscat, watu wanane, katikati ya Agosti. Nikajiambia mbuga ya Tsavo ni hapa tu, nitapiga simu Jumatano, Ijumaa tutakuwa njiani. Kila loji niliyoipigia ilinijibu imejaa. Tukalala Voi mjini, juu ya duka la vipuri, na asubuhi kukusanya watu wanane na chai zao tukafika getini jua limeshapanda, simba wamejilaza vichakani. Tangu siku hiyo huanza na tarehe ya safari, nikahesabu kurudi nyuma.

Hatua ya 1: Amua unataka kuona nini

Ukitaka ndovu wa Tsavo Mashariki, waliogeuka wekundu kwa vumbi la huko, nenda kiangazi: Juni hadi Oktoba, au Januari na Februari. Maji yakipungua, ndovu hukusanyika bwawa la Aruba na kando ya mto Galana, na nyasi hazifichi kitu. Masika, kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, nyasi hurefuka na njia za ndani huteleza, lakini vitanda viko na bei hushuka. Mimi huipenda Mei, hakuna vumbi, ila usimpeleke mgeni aliyeahidiwa simba.

Nyumbu wa Maasai Mara ni habari nyingine. Hufika kutoka Serengeti karibu Julai na kurudi kati ya Oktoba na Novemba, na siku ya kuvuka mto haijui mtu.

Hatua ya 2: Shika kitanda

Hapa ndipo watu hukwama. Wikendi ya kawaida Tsavo, wiki tatu au nne zinatosha. Shule zikifungwa, Aprili na Agosti, anza miezi mitatu kabla. Kati ya Krismasi na mwaka mpya, miezi sita, na usinicheke. Maasai Mara mwezi wa Agosti, hesabu mwaka mzima, kwa sababu kambi nyingi zina mahema machache, na wageni wa Ulaya na Marekani hupanga likizo zao mapema kuliko sisi tunavyopanga harusi.

Idadi pia ina neno. Watu wawili hupenyezwa popote. Familia ya wanane inayotaka vyumba vya jirani, bibi asipande ngazi, ongeza mwezi mmoja juu ya hesabu yako.

Na Idi? Loji inataka tarehe, mwezi haujaandama. Mimi hushika vitanda kuanzia siku ya tatu ya Idi. Hata mwezi ukichelewa, sala na pilau zitakuwa zimepita. Suala la nyama ya halali lisemwe siku hiyohiyo ya kuweka nafasi, lisingoje siku ya kufika.

Kabla ya kutoa arbuni, omba kwa maandishi: nikiahirisha narudishiwa ngapi, na mwisho wa kuahirisha ni lini? Anayekwepa swali hilo, funga pochi.

Hatua ya 3: Gari

Gari lenye paa la kufunguka, pamoja na dereva anayezijua njia za mbugani, mwezi mmoja kabla. Wengine hupanda treni Miritini, wakashuka Voi, dereva akawapokea stesheni. Hiyo hukuepusha na malori ya Mariakani. Msimu wa Krismasi, tiketi za treni ndizo huisha kwanza.

Hatua ya 4: Kiingilio

Hulipwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali; getini KWS, shirika la wanyamapori, hawapokei noti. Wiki ya safari yatosha. Beba kitambulisho, la sivyo utatozwa kama mgeni. Tiketi ya Tsavo Mashariki ni ya saa 24: ukiingia saa tisa alasiri ukatoka kesho yake kabla ya saa tisa, umepata jioni na asubuhi, nyakati ambazo wanyama hutembea, kwa malipo ya mara moja. Tsavo Magharibi ina tiketi yake, lakini ukifika chemchemi za Mzima utayaona maji yale unayoyangoja bombani Mombasa.

Maswali ya wanachama

*Kisauni: Sisi ni chama cha kina mama 22, tunachanga kila mwezi. Tunataka Desemba. Tungoje mchango ukamilike?*

Msingoje, mama zangu. Shikeni vitanda Juni kwa arbuni, malizieni kidogokidogo. Na kama si lazima Krismasi, nendeni wiki ya kwanza ya Desemba. Mvua za vuli huenda zikawakuta, lakini mtapata vyumba kwa raha.

*Mvita: Si bei hushuka mtu akingoja dakika ya mwisho?*

Mei hushuka, ndiyo. Agosti utasalia na chumba kilichokataliwa na wote, kwa bei ileile.

*Likoni: Nina siku moja tu, na watoto.*

Basi huna haja ya kupanga miezi, mwanangu. Nenda Shimba Hills, Kwale. Wewe wa Likoni uko ng'ambo ya kusini tayari, hata feri huivuki. Kuna palahala, aina ya swala wakubwa, ambao Kenya hawapatikani mbuga nyingine, na maporomoko ya Sheldrick mnashukia kwa miguu mkiongozwa na askari. Watoto wavae viatu vya kufunga. Kupanda kurudi kutawatoa jasho.

*Bamburi: Mume wangu ni baharia. Meli ikitia nanga ndipo hujua likizo yake. Nitapangaje miezi sita mbele?*

Dada, wewe usishike tarehe, shika watu. Mtafute dereva mmoja na loji mbili za nje kidogo ya geti la Voi, wazoee sauti yako. Mumeo akipiga simu kutoka bandari ya mwisho kabla ya nyumbani, nawe uwapigie siku hiyohiyo, mwende Jumatatu hadi Alhamisi, watu wa wikendi wakiwa kazini. Ila akija Agosti, mpeleke Shimba.