Jinsi ya Kukokotoa na Kupima Kanieneo ndani ya Kimiminika

Kabla ya kukokotoa kanieneo, yaani kani inayosukuma kila kipimo cha eneo, ndani ya kimiminika kilichotulia, pima kina, nawe ukipime wima, kutoka usawa wa uso wa kimiminika hadi pale unapotaka kujua kanieneo. Ikiwa bomba la mita 5 limelala mshazari na mwisho wake umeshuka mita 3 tu, kina ni mita 3. Upana na umbo la chombo haviingii katika hesabu, jambo ambalo wengi hulikubali kwa shingo upande.

Zidisha kina hicho kwa densiti ya kimiminika (tungamo katika kila kipimo cha ujazo) na kwa mchapuko wa graviti, yaani 9.8 m/s². Densiti iwe katika kilogramu kwa mita ya ujazo. Kwa maji, ambayo yana 1,000, kanieneo kwenye kina cha mita 3 ni paskali (Pa) 29,400, ilhali zebaki, yenye 13,600, huifikia kanieneo hiyo kwenye sentimita 22 hivi. Mafuta yakielea juu ya maji, kokotoa kila tabaka peke yake kisha ujumlishe. Ikiwa chombo kiko wazi na unataka kanieneo kamili, ongeza ile ya angahewa, takriban 101,300 Pa kwenye usawa wa bahari.

Ili kuona athari ya kina, toboa chupa ndefu ya plastiki matundu matatu yaliyolingana, la juu, la katikati na la chini, uyazibe kwa utepe, ujaze maji, kisha uubandue. Michoro mingi huonyesha tundu la chini likirusha maji mbali kuliko mengine. Hata hivyo, chupa ikisimama mezani, la katikati ndilo hushinda, kwa sababu maji ya chini, ingawa hutoka kwa kasi kubwa zaidi, hugusa meza mapema. Weka chupa juu ya kigingi chembamba chenye urefu usiopungua kimo cha maji yaliyomo, ndipo la chini litakapoongoza.

Densiti usiipime kwa matundu hayo, kwa kuwa kasi ya kimiminika kinachotoka tunduni haiitegemei. Tumia manomita ya maji, yaani mrija wa umbo la U wenye maji: unganisha mpira wake na faneli iliyozibwa kwa kipande laini cha puto, uizamishe sentimita 20 katika maji matupu, halafu kina hichohicho katika maji yaliyokolezwa chumvi hadi isiyeyuke tena. Tofauti ya usawa katika mrija, ambayo mwanzoni hukaribia sentimita 20, itapanda kuelekea 24.