Jinsi ya kujijenga katika kazi ya uchoraji na usanifu wa mabomba ya viwandani

Mwongozo huu unamlenga kijana aliyehitimu ufundi bomba, uchomeleaji au stashahada ya uhandisi mitambo, ambaye sasa anataka kuhamia katika ofisi ya usanifu. Wengi huanza kwa kutafuta kozi ya programu ya kuchorea, na hapo ndipo wanapochelewa, kwa sababu programu humuuliza mchoraji maswali ambayo bado hajayajua: bomba la skejuli gani (namba inayoonyesha unene wa ukuta), flanji (bapa la duara linalounganisha mabomba kwa boliti) ya daraja gani la shinikizo, mpini wa valvu uelekee wapi. Kwa sababu hiyo, katika mpangilio huu programu imewekwa hatua ya nne.

Hatua ya kwanza: lijue bomba kwa tarakimu

Bomba liitwalo la inchi 6 halipimi inchi 6 kamili, nje wala ndani. Kipenyo chake cha nje ni milimita 168.3, na cha ndani hutegemea unene wa ukuta: skejuli 40 ina ukuta wa milimita 7.11, skejuli 80 ina milimita 10.97. Kipenyo cha nje hakibadiliki hata skejuli ikibadilika. Kuanzia inchi 14 kwenda juu ndipo jina na kipenyo cha nje hulingana, yaani milimita 355.6 kwa bomba la inchi 14. Vipimo hivi vimo katika kiwango cha ASME (Jumuiya ya Wahandisi Mitambo ya Marekani) B36.10M, na vya flanji hadi inchi 24 vimo katika ASME B16.5.

Si lazima ukariri jedwali zima, lakini ukubwa unaotumika kila siku, kuanzia inchi 2 hadi 12, ni vyema uwe kichwani. Flanji ya inchi 6 ya daraja la 150 ina matundu 8 ya boliti, ilhali ya daraja la 300 ina 12. Mchoraji akiandika daraja lisilo sahihi, flanji mbili hazitafungana, na kundi zima la mafundi litakaa likisubiri kifaa kingine.

Hatua ya pili: chora isometriki kwa mkono

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, kwa kuwa mchoro wa isometriki, unaoonyesha bomba kwa pande zake tatu katika karatasi moja, ndio unaofika mikononi mwa fundi anayekata na kuchomelea. Nunua karatasi yenye mistari ya nyuzi 30, weka mshale wa kaskazini kabla ya mstari wa kwanza, kisha chora njia moja tu ya bomba katika karatasi moja. Mchoro huu hauzingatii skeli, hivyo jicho halitamsaidia fundi kukisia urefu. Anachokitegemea ni namba ulizoandika.

Vipimo hutolewa kutoka kitovu hadi kitovu, lakini bomba hukatwa kwa urefu tofauti, na tofauti hiyo ni lazima uielewe. Chukua bomba la inchi 6 lililo kati ya elbo (viungo vya kona) mbili za nyuzi 90 zenye kipindo kirefu, na umbali wa kitovu hadi kitovu ukiwa milimita 2,000. Kila elbo inachukua milimita 229, yaani mara moja na nusu ya ukubwa wa jina la bomba, kwa hiyo zinabaki 1,542. Ukiacha nafasi ya milimita 3 kwa kila kiungo cha kuchomelea, kipande cha kukata ni milimita 1,536. Bomba likihama kwa nyuzi 45, zidisha umbali wa kuhama kwa 1.414: likihama milimita 500, urefu wa mshazari kati ya vitovu ni 707.

Baada ya hapo, onyesha kimo cha kila sehemu ya mlalo, mwelekeo wa mtiririko, viungo vitakavyochomelewa karakanani na vile vitakavyochomelewa eneo la kazi. Kiungo cha eneo la kazi kinachohitaji marekebisho hupewa urefu wa ziada, kwa sababu misingi ya zege mara chache hukaa pale mchoro uliposema ikae. Kando ya karatasi andika orodha ya vifaa: mita za bomba, elbo, tii (kiungo cha njia tatu), redyusa (kiungo cha kupunguza ukubwa wa bomba), flanji, gasketi (kizibo cha kati ya flanji) na boliti. Mpe fundi mzoefu mchoro huo umuulize kama angeweza kuujenga bila kukupigia simu. Maswali atakayokuuliza ndiyo masahihisho yako.

Hatua ya tatu: nenda ukapime kilichojengwa

Omba ruhusa kwa maandishi katika kituo cha pampu za maji, chumba cha boila cha hospitali au kiwanda cha maziwa, kisha uchore mabomba uliyoyaona. Zingatia mambo ambayo vitabu huyapitia haraka. Kwa nini redyusa iliyo kwenye mdomo wa kuvuta wa pampu mara nyingi imenyooka upande wa juu? Ili hewa isijikusanye hapo. Je, mtu anaweza kuufikia mpini wa valvu bila ngazi? Je, kuna nafasi ya kuchomoa boliti za flanji? Ukiweza, linganisha ulichopima na mchoro wa mabomba na ala za vipimo, ambao huonyesha kipi kimeunganishwa na kipi lakini hauonyeshi umbali wala kimo.

Hatua ya nne: sasa ingia kwenye programu

Anza na AutoCAD, kisha Plant 3D. Autodesk huwapa wanafunzi nafasi ya kuzitumia bila malipo. Miradi mikubwa hutumia zaidi AVEVA E3D au Smart 3D, ambazo ni vigumu kuzipata nje ya ofisi. Jifunze moja kwa kina. Anayejua mabomba huhamia programu nyingine bila shida kubwa.

Hatua ya tano: elewa joto na viwango

Chuma cha kaboni hurefuka takriban milimita 1.2 kwa kila mita 100 joto linapopanda nyuzi moja ya Selsiasi. Bomba la mvuke la mita 100 linalotoka nyuzi 25 hadi 175 hurefuka kama milimita 180, na ndiyo sababu mabomba ya mvuke ya mitambo ya umeme wa jotoardhi ya Olkaria, nchini Kenya, yana mapindo makubwa yanayomeza urefu huo. Hesabu kamili ya mkazo ni ya mhandisi, lakini mchoraji ndiye anayeacha nafasi ya pindo na kupendekeza mahali pa sapoti.

Tofautisha pia viwango. Mabomba ya ndani ya mtambo hufuata ASME B31.3, na mabomba marefu ya kusafirisha mafuta hufuata B31.4. Vijana wengi wanaulizia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, wakidhani kazi ya uchoraji imo katika urefu huo. Kwa maoni yangu, kazi nyingi ya mchoraji wa mabomba imo katika vituo vya pampu na matangi, ambako valvu, vichujio na mita hubanana mahali padogo.

Hatua ya sita: andaa jalada la kazi

Weka isometriki chache ulizopima mwenyewe, mpangilio mmoja wa chumba cha pampu unaotazamwa kutoka juu na kutoka ubavuni, na orodha ya vifaa inayolingana navyo hadi gasketi ya mwisho. Usiweke michoro ya mwajiri wako. Ni mali yake, na anayekusaili atajiuliza utafanya nini na ya kwake. Ulizia pia usajili wa fundi sanifu: Tanzania ni kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na Kenya ipo KETRB, bodi ya usajili wa mafundi sanifu na wanateknolojia wa uhandisi. Katika usaili wa vitendo unaweza kupewa mchoro wa mabomba na ala, karatasi tupu na penseli. Kabla hujachora, uliza kaskazini iko wapi, kimo cha sakafu ni kipi na bomba linabeba nini kwa joto gani.